Forester SJ ya mkono wa pili: miito ya usalama, malalamiko ya wenye magari, na mambo ya kukagua kabla hujalipa (Nakuru, Kisumu, magharibi)

Beringi_Nne (mwanzilishi wa uzi)

Wadau, kila anayetafuta Subaru Forester huku kwetu huuliza bei, rangi, na kama ina tabo. Namba ya chesisi haiulizwi. Ndiyo inayokuambia kama gari limewahi kuitwa na mtengenezaji kwa kasoro ya usalama, na kama kasoro hiyo ilirekebishwa kabla gari halijapakiwa melini. Tuanze na hilo, malalamiko ya kawaida yatafuata.

Tutenganishe mambo mawili. Wito ni mtengenezaji mwenyewe kukiri kwamba kifaa fulani kilitoka kiwandani kibovu au hakifai, na atakibadilisha bure. Lalamiko ni jambo ambalo wenye magari wengi wamekutana nalo, lakini gharama inabaki mfukoni mwako. Muuzaji akikuambia "hizo ni shida za kawaida za Subaru", mwambie ataje ni lipi kati ya hayo mawili.

SJ, yaani Forester ya kizazi cha nne, ilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa 2012 na ikafuatwa na kizazi cha SK mwaka 2018. Kwa kanuni ya KEBS, shirika la viwango la Kenya, inayokataza kuingiza gari lililozidi miaka 8 (KS 1515), SJ karibu zote zilizo sokoni sasa zimeshaendeshwa hapa hapa. Cheti cha ukaguzi cha Japani alichonacho muuzaji ni cha siku gari lilipoondoka kule, hakikuambii chochote kuhusu miaka iliyofuata.

Kwenye logibuku soma namba ya chesisi. SJ5 ina injini ya FB20, lita 2.0 bila tabo. SJG ina injini ya FA20 yenye tabo. Zilizotangulia ni SH5, SHJ na SH9. Toleo lililofuata SJ ni SK9, SKE na SK5.

Miito mitatu ya kujua:

Wa kwanza ni mfuko wa hewa wa kampuni ya Takata upande wa abiria, unaogusa SH zaidi kuliko SJ. Wa pili, wa mwishoni mwa 2018, ni wa springi za valvu. Uligusa zaidi ya magari 400,000 duniani, Impreza, Forester na BRZ zikiwemo, na hasa yaliyotengenezwa 2012 na 2013. Wa tatu ni swichi ya taa za breki, Machi 2019, takriban magari milioni 2.26 duniani. Huu wa tatu ndio unaogusa SJ nyingi zaidi, na ndio wanaoupuuza zaidi.

Namna ya kukagua: tovuti ya Subaru ya Japani ina ukurasa wa kutafuta miito kwa namba ya chesisi. Kisanduku cha kwanza andika herufi za mbele, mfano SJ5, cha pili tarakimu zinazofuata. Ukurasa ni wa Kijapani, kwa hiyo washa tafsiri ya kivinjari chako. Kisha fungua mlango wa dereva uangalie karibu na chuma ambacho kufuli ya mlango hujifungia: gari lililorekebishwa Japani kwa kawaida hubandikwa stika ndogo yenye namba ya wito. Stika ikikosekana si hukumu, maana huenda mlango ulipigwa rangi upya, ila ni sababu ya kuuliza zaidi.

---

Dada_Kaptembwo

Asante. Muuzaji mmoja hapa Nakuru amenitumia picha ya tovuti ya serikali ya Marekani inayoonyesha gari halina wito wowote. Hiyo inatosha?

---

Beringi_Nne

Haitoshi, dada. Tovuti ile husoma namba yenye tarakimu na herufi 17. Magari ya soko la Japani hayana namba hiyo, yana ile fupi ya SJ5 na kistari. Ama ameweka namba ya gari lingine, ama ametafuta kwa jina la modeli tu, na hilo halikuambii hali ya gari lenyewe. Mwombe namba ya chesisi kutoka kwenye logibuku uitafute mwenyewe. Akikataa kukupa namba, achana na gari hilo.

---

Umeme_wa_Kibuye

Naongezea kuhusu swichi ya breki, kwa sababu huku Kisumu na pia Nakuru tunaikaribisha shida hii wenyewe kule tunakooshea magari.

Swichi iko juu ya pedali ya breki, chini ya dashibodi. Ndani ina vikontakti viwili vidogo. Mvuke wenye silikoni ukiingia ndani, cheche ndogo ya vikontakti huugeuza kuwa utando mgumu usiopitisha umeme, jamii ya kioo. Utando ukijijenga, unakanyaga pedali na umeme haupiti. Silikoni hiyo inatoka kwenye polishi ya dashibodi, vipodozi na baadhi ya bidhaa za kusafishia. Sasa fikiria gari linalooshwa kila Jumamosi, kijana anapulizia polishi ya kung'arisha dashibodi hadi kwenye pedali, halafu vioo vinafungwa na gari linaachwa juani.

Dalili zake, kwa mpangilio ambao huwa zinajitokeza:

Taa za breki zinawaka mara moja na kukataa mara nyingine, hasa ukikanyaga pole pole. Baadaye gari la kuwashia kwa kitufe linakataa kuwaka ingawa betri iko sawa, kwa sababu kompyuta haioni kwamba umekanyaga breki. Lever ya gia inakwama kwenye P. Taa ya onyo ya mfumo wa uthabiti inaweza kuwaka, na mifumo ya kumsaidia dereva inajizima.

Watu wengi hapo hununua betri mpya, kisha stata. Kabla hujanunua chochote, mtu mmoja asimame nyuma, mwingine akanyage. Ikikataa taa ya upande mmoja tu, ni balbu au soketi. Zikikataa zote tatu pamoja, ikiwemo ile ya juu, anzia fyuzi halafu swichi.

Kupima: mita iwe kwenye volti za DC, waya mweusi kwenye bodi ya gari. Waya unaoingia swichi uwe na takriban volti 12 wakati wote. Kanyaga pedali, waya unaotoka uwe na volti hizo hizo. Ukipata 12 upande mmoja na 4, 7 au sifuri upande wa pili, swichi imekufa. Rudia mara kumi au zaidi, ukikanyaga kwa wepesi na kwa nguvu, maana utando huu hauzuii kila mara.

Kubadilisha si kazi ya saa nzima:

1. Zima gari, toa waya hasi wa betri.
2. Toa kifuniko cha chini ya usukani, chomoa plagi ya swichi kwa kubonyeza kishikio. Usivute waya.
3. Kabla ya kulegeza, pima kwa rula swichi imetokeza kiasi gani, kisha itoe.
4. Weka mpya kwa kipimo hicho hicho. Pedali ikiwa huru, kipini kiwe kimebanwa na taa zimezimika kabisa. Pedali ikisogea kidogo tu, taa ziwake.
5. Rudisha umeme, jaribu taa, jaribu kutoa gia P, jaribu kuwasha kwa kitufe.

Hatua ya nne ndiyo inayoharibiwa. Ukiibana mno, taa zinachelewa. Ukiilegeza mno, zinabaki zimewaka usiku kucha na betri inalala. Usichukue swichi ya eks-Japani kutoka gari la umri ule ule, utakuwa umenunua ugonjwa ule ule. Na kusugua vikontakti kwa msasa si matengenezo, utando unarudi.

Kwa yeyote anayeshuka Sachang'wan kuelekea Salgaa usiku, au kupita Timboroa kwenye ukungu na trela nyuma yake: taa za breki ndizo pekee zinazomwambia dereva wa trela kwamba unapunguza mwendo. Nawaomba sana, msiahirishe hii.

Kwa wanaokuoshea: kitambaa chenye maji na sabuni kidogo kinatosha dashibodi. Kataa polishi ya kupulizia ndani ya gari.

---

Mlima_Kericho

Gari likikwama P barabarani, kuna kitundu chenye kifuniko kidogo kando ya lever ya gia. Zima injini, funga breki ya mkono, kanyaga breki, inua kifuniko kwa bisibisi bapa, bonyeza ndani huku ukisogeza lever hadi N. Ni ya kuondolea gari njiani tu. Usiendelee na safari bila taa za nyuma.

---

Fundi_Shabab

Springi za valvu. Wenye SJ ya mwanzo, 2012 na 2013, someni vizuri.

Springi zenyewe zilikuwa na uchafu ndani ya chuma, na chini ya mzigo mkubwa zingeweza kukatika. Ikikatika unasikia mlio usio wa kawaida, injini inakosa moto, na inaweza kuzima ukiwa njiani bila kuwaka tena. Marekebisho yake ni makubwa: injini inashushwa, vifuniko vya mbele vinafunguliwa, springi zote zinabadilishwa.

Hapo ndipo kuna jambo la pili la kukagua. Injini ya boksa, ile ya Subaru yenye pistoni zilizolala ubavu, hufungwa kwa silikoni ya kuzibia, haina gasketi ya karatasi kila mahali. Kule Marekani walijitokeza wenye BRZ na ndugu zake wakilalamika kwamba injini zao ziliharibika baada ya kazi hiyo. Fundi akiweka silikoni nyingi, inayobanwa ndani hukatika vipande na kuingia kwenye sampu, yaani trei ya oili chini ya injini, kisha inaziba kichujio cha kunyonyea oili. Kwa hiyo gari lililokwisha kufanyiwa kazi, mulika pembezoni mwa kifuniko cha mbele. Mstari mwembamba ulionyooka ni sawa. Ukiona silikoni imefura nje kwa wingi, na ndani imefura hivyo hivyo. Gharama ya kushusha sampu na kusafisha kichujio ni ndogo sana ukilinganisha na beringi za kranki.

---

Mto_Nyando

Kuhusu Takata, kwa wanaonunua SH kwa sababu ni nafuu.

Kifaa kinachojaza mfuko hutumia nitreti ya amonia. Unyevunyevu na joto linalopanda na kushuka kila siku, mwaka baada ya mwaka, huharibu kemikali hiyo. Siku ya ajali inaungua haraka kupita kiasi, kopo la chuma linapasuka, na vipande vinaruka usoni na shingoni. Marekani peke yake watu zaidi ya 20 wamekufa, baadhi katika ajali ndogo ambazo wangetoka wakitembea. Sasa Kisumu, Homa Bay na Busia tuna hali ya hewa ile ile inayoharakisha uharibifu huu. Gari la 2009 lililokaa ziwani miaka kumi si sawa na lililokaa Hokkaido.

Japani ilianza Mei 2018 kukatalia ukaguzi wa lazima magari yenye mifuko hatari ambayo haijabadilishwa. Lakini gari linalouzwa nje halihitaji kupita ukaguzi ule, kwa hiyo usijifariji kwamba "limetoka Japani, lazima walibadilisha". Tafuta kwa namba ya chesisi.

Taa ya mfuko wa hewa: weka swichi ya kuwasha bila kuwasha injini. Iwake kwa sekunde kadhaa, takriban sita, kisha izime. Isipowaka kabisa, mtu ameitoa au kuiziba, jambo linalofanywa sana kwenye magari yaliyogongwa. Ikibaki imewaka, mfumo mzima unaweza kuwa umelala.

Na mafundi, tafadhali: usipime kifaa hicho kwa mita ya kawaida, mkondo wa mita unaweza kukifyatua. Toa waya hasi wa betri na usubiri dakika kadhaa kabla ya kugusa plagi za njano. Usinunue mfuko wa hewa wa eks-Japani bila kujua namba ya gari ulikotoka.

---

Gia_na_Mnyororo

Tuingie kwenye malalamiko. Kubwa ni CVT, giaboksi ya otomatiki isiyo na gia za hatua. SJ5 hutumia TR580, yenye mnyororo wa chuma badala ya mkanda. Mnyororo wenyewe ni imara. Kinachosumbua zaidi ni solenoidi ya kufunga toki konvata ndani ya bodi ya valvu. Gari linatetemeka au kutaka kuzima unaposimama kwenye taa, taa ya joto la oili ya giaboksi inapepesa, na mashine ya kusoma misimbo inatoa P2764. Marekani, Subaru yenyewe iliongeza udhamini wa CVT hizi hadi miaka 10 au maili 100,000. Huku kwetu udhamini huo haupo, lakini unakuonyesha shida iko wapi.

P2764 inahusu saketi ya umeme ya solenoidi hiyo. Usikubali kununua giaboksi nzima kabla plagi, waya na bodi ya valvu havijapimwa.

Oili: tumia oili ya CVT ya Subaru au iliyoandikwa wazi kwamba inakidhi kiwango chake. ATF nyekundu, oili ya giaboksi za otomatiki za kawaida, itaifanya iteleze. Muuzaji akisema "hii oili ni ya maisha", muulize maisha ya nani. Kwa barabara za kupanda kutoka Awasi hadi Kericho au Nakuru hadi Mau Summit, mimi nashauri kila kilomita 40,000 hadi 60,000.

Kubadilisha kunaharibiwa hapa: gari liwe sawa kabisa, magurudumu yote manne juu. Fungua plagi ya kujazia kwanza, ndipo ufungue ya kumwaga, maana ya kujazia ikigoma baadaye utakuwa na giaboksi tupu. Pima kiasi kilichotoka kwenye chupa yenye alama, rudisha kiasi hicho hicho. Washa injini, pitisha lever P, R, N, D na kurudi, sekunde chache kila moja. Oili ikiwa kati ya nyuzi 35 na 45, injini ikinguruma polepole, fungua plagi ya kufurikia. Ikichuruzika kidogo, kiwango ni sawa. Bila mashine ya kusoma joto kazi hii ni ya kubahatisha. Oili ikipungua inateleza, ikizidi inatoa povu na kupata joto.

---

Dereva_Maseno

Injini inakula oili. Fundi amenishauri nitumie 20W-50 ili isipungue. Ni sawa?

---

Fundi_Shabab

Si sawa, ndugu. FB20 imeundwa kwa 0W-20. Mfumo wa muda wa valvu huendeshwa kwa shinikizo la oili kupitia vijitundu vyembamba, na oili nzito asubuhi ya baridi hapa Nakuru inachelewa kufika. Utapunguza moshi na kuongeza msuguano.

Ulaji wa oili ni lalamiko la kweli kwenye FB za mwanzo. Marekani lilifika mahakamani na kumalizwa kwa makubaliano mwaka 2016, na wenye magari waliilaumu pete za pistoni. Pima kwanza: mahali tambarare, injini ikiwa imezimwa dakika tano au zaidi, maana boksa hurudisha oili polepole. Jaza hadi alama ya F ya kijiti cha oili, andika kilomita. Kati ya L na F ni takriban lita 1. Ikishuka yote kabla ya kilomita 2,000, pete zimechoka au zimeshikana kwa masizi.

---

Gia_na_Mnyororo

Hapo natofautiana kidogo na fundi. 5W-30 ya sintetiki kwa joto la Kisumu, kwenye injini iliyotembea zaidi ya 150,000, haina shida. 20W-50 ndiyo hapana. Ujazo ni karibu lita 4.8 pamoja na filta, na usipitishe kilomita 7,000 bila kubadilisha.

---

Fundi_Shabab

5W-30 nakubali.

---

Beringi_Nne

Mengine kwa haraka. Bushi za lower arm na linki za stabilaiza zinakwisha kwa matuta yetu, ni kazi ya kawaida. Beringi za magurudumu ya nyuma ni ugonjwa wa SH: mlio unaoongezeka na mwendo na kubadilika ukikata kona.

Matairi ndiyo watu hawajui. Mvuto ni wa magurudumu yote wakati wote. Subaru inataka mzingo wa matairi manne usitofautiane zaidi ya milimita 6.4. Ukiweka mawili mapya mbele na mawili yaliyoisha nyuma, klachi ya kugawa mvuto inasuguana hata barabara ikinyooka, inapata joto, kisha gari linadunda ukipiga kona kali polepole. Gari la kuuzwa lenye matairi ya aina nne tofauti, punguza bei kwa matairi manne na ujaribu kona hizo pande zote mbili.

---

Dada_Kaptembwo

Nimepata namba ya chesisi na wito wa swichi ya breki unaonyesha haujafanywa. Niachane nalo? Na nani atalipa?

---

Sheria_na_Barabara

Usiachane nalo kwa hilo peke yake, dada. Chapisha ukurasa ule, peleka kwa muuzaji rasmi wa Subaru pamoja na nakala ya logibuku, uombe kwa barua au barua pepe wakujibu kama watabadilisha bure kwa gari la soko la Japani. Omba jibu la maandishi. Ibara ya 46 ya Katiba inampa mtumiaji haki ya bidhaa za ubora unaofaa na ulinzi wa afya na usalama wake, na Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inakataza muuzaji kukupa maelezo ya uongo kuhusu bidhaa. Ukihitaji kulalamika, kopi ziende NTSA, mamlaka ya usalama barabarani, na Mamlaka ya Ushindani ya Kenya.

Kwa muuzaji wa mkono wa pili, andikeni kwenye mkataba wa mauzo: wito fulani haujafanywa, bei imepunguzwa kiasi fulani kwa ajili hiyo. Muuzaji aliyesaini hawezi kugeuka.

---

Umeme_wa_Kibuye

Na kama jibu la bure litachelewa, nunua swichi mpya kabisa kwa namba ya chesisi na uibadilishe kabla hujaanza kuliendesha. Weka risiti na swichi ya zamani kwenye mfuko wa plastiki, utavihitaji ukidai kurudishiwa pesa. Usisahau kuangalia na balbu za nyuma siku hiyo hiyo.